Jirani ananiuzia Vespa ya 1986, mume wangu anasema ni chuma chakavu

"Kaka fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Bologna miaka mingi sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee wa ghorofa ya chini ana Vespa PX 125 ya mwaka 1986, ipo chini ya ngazi imefunikwa shuka, magoti yake yamechoka anataka kuiuza euro 2,800. Mume wangu anasema ni chuma chakavu, hela hiyo ukiongezea kidogo unapata skuta ya otomatiki unabonyeza tu inawaka. Ila mimi jumapili nawaona wale watu wa klabu wanapita na Vespa zao za zamani, wanapigiana honi, wengine vikongwe kabisa, wanacheka kama watoto, na moyo wangu unakwenda nao. Leseni ya gari ninayo, ya hapahapa Italia. Je nimechanganyikiwa, au hawa watu wanajua kitu sisi hatukijui? Ni kweli vya zamani ni imara kuliko vya sasa? Na hao wa klabu watampokea mwanamke mweusi asiyejua hata plagi iko wapi? Nijibu bila kunificha."

Dada yangu, hujachanganyikiwa. Ila umenifungia maswali matatu kwenye furushi moja: kama chombo chenyewe ni kizuri, kama kile kimoja cha jirani ni kizima, na kama wale watu watakuwa watu wako. Majibu yake hayafanani, kwa hiyo ntayafungua moja moja, na shemeji naye asome mana kuna sehemu yuko sahihi kabisa.

Tuanze na hilo la uimara, kwa sababu ndilo linalouzia watu Vespa mbovu kila siku. Hapana, cha zamani sio imara kuliko kipya. PX 125 ya 1986 ina nguvu za farasi kama nane hivi, ikijitahidi sana inafika kilomita 90 kwa saa, breki zake mbele na nyuma ni za drami, magurudumu ni madogo ya inchi 10 yanaliona kila shimo, hakuna ABS wala kitu chochote cha kukusaidia ukiteleza. Skuta ya otomatiki ya leo inasimama haraka zaidi, inakula mafuta kidogo, haitoi moshi, na asubuhi ya Januari inawaka bila maneno. Ukipanga karatasi mbili mezani, hesabu ya shemeji inashinda na mimi siwezi kumbishia. Anachokosea ni kudhani wale wa jumapili wanapenda uzee wake. Na wewe usije ukadhani wanapenda sinema, ile ya binti mfalme anayezungushwa Roma kwenye Vespa mwaka 1953, ile iliuza skuta nyingi sana lakini sinema haimfanyi mtu apige magoti chini kwenye baridi anasafisha kabureta.

Wanachokipenda ni kwamba inafunguka. Yaani mtu wa kawaida, mwenye spana tano sita na bisibisi, anaweza kuifungua akaielewa na akaifunga. Na hili halikutokea kwa bahati.

Vita ya pili ya dunia ilipoisha, Piaggio, hawa wanaotengeneza Vespa, walikuwa ni kampuni ya kutengeneza ndege, kiwanda chao cha Pontedera kule Toscana kimepigwa mabomu, na Italia imeshindwa vita kwa hiyo biashara ya ndege za kivita imekufa. Enrico Piaggio akataka chombo cha bei nafuu cha kumbeba mtu yeyote kwenye zile barabara zilizovunjika. Jaribio la kwanza watu waliliita kwa utani Paperino, mwenyewe hakuridhika nalo, ndipo akampa kazi Corradino D'Ascanio. Huyu alikuwa injinia wa helikopta na pikipiki alikuwa hazipendi hata kidogo! Mnyororo unachafua nguo, tairi ikipasuka unahangaika barabarani, na huwezi kuipanda ukiwa umevaa sketi au kanzu. Hati ya uvumbuzi iliandikishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946, na ukiisoma ile skuta vizuri utaona kila kitu kimewekwa na mtu aliyekuwa anakwepa usumbufu wa pikipiki. Bodi ya bati ndiyo fremu yenyewe, hakuna mabomba. Injini imekaa pembeni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kulia, gia zinazungusha gurudumu moja kwa moja kwa hiyo mnyororo haupo. Gurudumu la mbele limeshikwa na mkono mmoja tu, kama tairi za ndege, unafungua nati za upande mmoja tairi limetoka. Gia unabadilisha kwa mkono wa kushoto, unabana klachi unazungusha mshikio. Mbele ya miguu kuna ngao ya matope.

Ile ya jirani yako imetoka kiwandani miaka 40 baadae na mpangilio ni uleule. Hii PX ilianza 1977 na ikaendelea kutengenezwa, na mapumziko katikati, mpaka miaka ya 2010. Wahindi wa LML nao wakatengeneza ya kwao karibu sawasawa. Maana yake spea mpya zimejaa mpaka leo, kebo ya klachi unainunua kwa hela ya pizza, na spea nyingi za miaka tofauti zinaingiliana. Linganisha na skuta ya otomatiki ya miaka 15 iliyopita ambayo kompyuta yake imekufa na kampuni haitengenezi tena ile boksi. Hapo ndipo hesabu ya shemeji inaanza kupungua miguu, japo sio yote.

Sasa injini, na hapa naomba utulie mana ukielewa hiki kimoja utakuwa umewapita nusu ya wanaojiita mafundi. PX ni injini ya tustroki. Kwenye gari lako oili inakaa chini kwenye sampu, pampu inaipandisha, inalainisha, inarudi. Kwenye tustroki pistoni haina oili ya kwake, oili inasafiri ndani ya petroli, inapita kwenye krankshafti (ile shafti inayozungushwa na pistoni) na beringi na kuta za silinda, alafu inaungua na kutoka kama ule moshi wa bluu. Kipimo cha PX ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, oili nzuri ya tustroki sio ya gari. Kuna PX za miaka hiyo zina tanki la pembeni la oili zinachanganya zenyewe, kwa hiyo muulize mzee yake ni ipi kabla hujaweka tone la petroli. Hili usilikisie, mana ukiweka petroli tupu kwenye ile isiyojichanganyia yenyewe, safari haifiki mbali, pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania silinda na injini inanoki.

Watu wengine wanasema "mimi naongeza oili kidogo kwa usalama". Sio usalama. Ukizidisha oili, ndani ya kila tone petroli imepungua, injini inapata chakula pungufu na inazidi joto, alafu masizi yanaziba ekzosi. Asilimia 2 ni asilimia 2.

Na kuna hili la mteremko ambalo wageni hawalijui. Huko kwenu watu wa Vespa wanapenda kupanda Passo della Futa, ile njia ya zamani ya kwenda Florence, mita 903 kule juu. Kupanda hakuna shida. Kushuka ndio unafunga moto kabisa (yaani mshikio wa kulia wa petroli), unaiacha injini ikushikilie kwa gia, magurudumu yanaizungusha kwa kasi lakini petroli haiingii, na kama petroli haiingii basi oili nayo haiingii. Pistoni inakimbia kavu. Kwenye mteremko mrefu uwe unafungua moto kidogo kila baada ya muda uipe oili, na siku ukisikia inapungua nguvu ghafla huku inatoa sauti ya kulia, bana klachi hapohapo kabla gurudumu la nyuma halijakamatwa. Vidole viwili viishi kwenye klachi. Hii ndio sababu wazee wa klabu ukiwaangalia mkono wa kushoto hautulii.

Basi hapa ndipo penye jibu la swali lako la "wanajua nini". Chombo hiki kina udhaifu wa wazi na dawa yake ni ya wazi. Kebo ya gia inakatika, plagi inachafuka, tairi linapasuka, kila mtu kundini ameshapatwa na kila mtu anajua kutengeneza, na kwenye safari za klabu mara nyingi nyuma kabisa kuna mtu au kigari kinabeba spea na kuokota waliokwama. Gari jipya likizima unapiga simu, Vespa ikizima anasimama mtu. Hawa watu wamejuana pembeni mwa barabara na mikono michafu, ndio mana mnapowaona wanapigiana honi sio mbwembwe. Ukweli wangu mimi, kama Vespa isingekuwa inaharibika kidogokidogo hivi, hizo klabu zingekuwa zimekufa zamani.

Na ni za zamani kweli. Vespa Club d'Italia ilianzishwa 1949 kule Viareggio, miaka mitatu tu baada ya skuta yenyewe, na chini yake miji mingi ina klabu yake. Mwezi Aprili 2024 mkutano wao wa dunia ulifanyika Pontedera penyewe, watu wakaja kwa maelfu, wengine wameendesha kutoka nchi nyingine wiki nzima. Kuna marehemu Giorgio Bettinelli, 1992 aliondoka Roma na PX akaenda nayo mpaka Saigon kule Vietnam, na baada ya hapo akaendelea kuzunguka dunia miaka na miaka kwenye skuta kama hiyo ya chini ya ngazi yenu. Simtaji ili uende Saigon, namtaja kwa sababu shemeji atakwambia "haifiki hata Modena", mji wa jirani tu hapo.

Ila wana vituko vyao ujue. Kuna wanaotaka kila skrubu iwe ya kiwandani, ukiweka saiti mira isiyo yake wanakuangalia kama umetukana. Kuna wa Lambretta, ile ya Innocenti ya Milano iliyotoka 1947, fremu ya mabomba, hao na wa Vespa wanataniana miaka yote. Kuna wanaopiga rangi upya inang'aa kama sahani, na kuna wale (mimi nikiwemo) wanaoamini Vespa iliyochoka kwa heshima, rangi yake ya kwanza, mikwaruzo yake, ina thamani kuliko ya kupakwa. Mwambie mzee asiipake rangi ili kukufurahisha. Rangi mpya inaficha mengi, na sokoni zipo skuta zilizotoka mbali kama Vietnam zinang'aa ajabu, kumbe chini ni vipande vya fremu tofauti vimechomelewa na kujazwa filla, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bati. Ya jirani unaijua ilipolala, hiyo peke yake ni faida kubwa.

Haya twende chini ya ngazi. Beba tochi, sumaku ndogo na kitambaa. Usianze kwa kupiga kiki. Muulize mara ya mwisho iliwaka lini, mana skuta iliyolala miaka petroli yake imegeuka gundi kwenye kabureta, tanki linaweza kuwa na kutu ndani, na sili za krankshafti zimekauka.

Anza na bodi, kwa sababu injini inatengenezeka kila siku ila bati likiliwa ndio pesa inapoishia. Inua mkeka wa katikati pale unapoweka miguu, maji huwa yanakaa chini yake, bonyeza na kidole gumba karibu na pedeli ya breki. Alafu lala chini utazame sakafu kwa chini na pale ngao ya mbele inapoungana na sakafu. Ondoa ubavu wa kushoto, hapo kuna tairi la spea, angalia sehemu ya betri mana asidi inakula bati. Pitisha sumaku taratibu kwenye sakafu na mbavu, ikikataa kushika mahali ujue kuna filla sio bati. Kutu ya juujuu ya rangi ya machungwa usiiogope, ogopa inayobonyea na inayomeguka.

Ondoa na ubavu wa kulia wa injini. Kwenye fremu upande huo kuna namba imegongwa, kwa PX 125 ya miaka hiyo inaanza na VNX2T. Isome kwa tochi herufi kwa herufi ulinganishe na kitabu chake cha usajili. Kama namba imekwaruzwa, imegongwa ovyoovyo, au haifanani na karatasi, mshukuru mzee kwa kahawa uondoke, hata akikushushia mpaka euro 1,000.

Tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009, hiyo hata iwe na meno mazuri vipi ni ya kutupa, mpira umekuwa mgumu na barabara za Bologna zikilowa utalala chini. Na siku utakayotaka kulitoa mwenyewe sikia vizuri: kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye drami, na kuna nati nyingine zinazobana nusu mbili za rimu. Hizo za rimu usiziguse tairi likiwa na upepo, rimu inaweza kufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Toa upepo wote kwanza, kila mara.

Ikishasafishwa ikawaka, sikiliza inavyotulia bila kushika moto. Kama inapanda yenyewe inanguruma na haitaki kushuka, kuna hewa inaingia isipotakiwa, mara nyingi sili ya upande wa flaiwili imekwisha, na kuendesha hivyo ni kuiua. Kama inatoa moshi mweupe mzito usioisha hata ikishapata moto, sili ya upande wa klachi inaweza kuwa inanyonya oili ya gia. Hiyo oili ya gia ni mililita 250 tu, ikipungua gia zinalia. Alafu apande mtu anayejua, aingize gia ya pili akikaza moto kwenye kilima, kama gia inaruka inatoka yenyewe kuna kipande ndani kinaitwa krochera kimelika, na kukibadilisha lazima injini ipasuliwe katikati. Sio mwisho wa dunia, ila ni hoja ya kupunguza bei.

Kuhusu bei yenyewe, euro 2,800 kwa PX ya rangi yake ya kwanza, bati zima na karatasi safi sio wizi, ni bei ya soko na mzee hakuonei. Lakini usiichukulie kama ndio bei ya mwisho. Weka pembeni euro 300 au 400 za tairi, tyubu, kebo, viatu vya breki na usafi wa kabureta, na kama injini itafunguliwa hesabu 800 au zaidi ukiwa na fundi mwaminifu. Kama huna hiyo akiba, usinunue mwaka huu.

Sheria sasa, kwa kifupi. Leseni yako ya gari ya Italia inakuruhusu pikipiki mpaka cc 125 na kilowati 11, ila ndani ya Italia tu, ukivuka mpaka usitegemee. Autostrada, zile barabara za mwendo kasi, usiipeleke hata kama mtu atakwambia inaruhusiwa, kwa kasi ile malori yatakumeza. Ukaguzi ni kila baada ya miaka miwili. Kwa kuwa imepita miaka 30 kodi yake ni ndogo sana, na ukiiandikisha kwenye rejista ya vyombo vya kihistoria bima nayo mara nyingi inashuka. Hapo klabu inakusaidia. Kabla hujatoa hela pita kwenye ofisi za karatasi za magari uombe taarifa ya umiliki, jina la mzee lionekane na isiwe imefutwa kwenye usajili. Kama imefutwa inarudishika lakini ni safari ndefu na ya hela. Watoto: chini ya miaka 5 haruhusiwi kabisa kupanda nyuma.

Kuna jambo moja la sheria litakalokugusa wewe kuliko wale wastaafu wa jumapili. Miji ya bonde la mto Po, Bologna ikiwemo, kuanzia Oktoba mpaka Machi inabana vyombo vya zamani siku za kazi kwa sababu ya hewa chafu, na tustroki ya 1986 iko mstari wa mbele. Masharti na misamaha vinabadilika, kaangalie kwenye tovuti ya manispaa wakati huohuo. Hata Genova, mji ambao Piaggio ilianzia 1884, mwaka 2016 walitaka kuzifungia skuta za kabla ya 1999 katikati ya mji, watu wakawaka kweli. Na tuseme ukweli, ule moshi ni mchafu, mapenzi hayausafishi. Kwa hiyo kama unataka chombo cha kukupeleka kazini saa kumi na mbili asubuhi mvua na baridi, sikiliza mume wako, nunua ya otomatiki. Na hata hivyo hujafungiwa mlango, Vespa za otomatiki zipo tangu miaka ya 1980 na klabu nyingi zinazipokea vilevile.

Sasa lile swali ulilouliza mwishoni, ambalo nadhani ndilo lililokutuma uandike. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayekukodolea macho. Wengi kwenye zile klabu ni wanaume, wengi wamezeeka, na kuna mmoja au wawili wataropoka kitu cha kijinga wakidhani ni utani. Lakini mimi nafanya kazi na hawa watu kila siku na nilichokiona ni kwamba ukishapiga magoti pembeni ya injini ukauliza "hii ni nini?", hawana muda tena na rangi yako, mana hakuna kitu kinachomfurahisha mzee wa Vespa kama mtu wa kumfundisha. Kutojua plagi ilipo sio aibu pale, ni tiketi ya kuingilia. (Plagi ipo ukitoa ule ubavu wa kulia, juu ya silinda, kofia nyeusi yenye waya mnene. Ukiitoa ikawa ya hudhurungi injini ina afya, nyeupe inapata joto sana, nyeusi imelowa inakula oili au kabureta inazidisha.)

Na huendi mikono mitupu. Mimi spana nimeanza kushika Unguja, Vespa zimejaa Mji Mkongwe miaka nenda rudi, kwa hiyo nilipofika huku hawakuwa na la kunitambia sana. Wewe waambie habari za bajaji. Piaggio walitoa Ape ya magurudumu matatu mwaka 1948, kwa mbele ni Vespa kwa nyuma ni kigari cha mizigo, alafu Bajaj wa India wakapata leseni ya Piaggio ya kuunda skuta na hizo za miguu mitatu, na ndio ukoo ulioleta bajaji zinazobeba watu Dar na Mombasa. Wengi wao hawajui hili, utaona wanavyovuta viti.

Nenda kabla hujanunua. Jumapili moja wafuate pale wanapokunywa kahawa, sema kuna mzee wa mtaa fulani anauza PX, una mashaka, nani anaweza kuja kuiangalia. Uwezekano ni mkubwa skuta hiyo wanaijua na mzee wanamjua. Atakayekubali kuja kulala chini ya ngazi na tochi bila kukudai kitu, huyo ndio jibu la kama watakupokea.

Mambo mawili usiyafanye kwa simu wala kwa maandishi yangu haya. Bati likibonyea popote kwenye sakafu, au usukani ukivuta upande mmoja, ipeleke kwa fundi wa fremu aipime kwa macho yake kabla hujalipa hata euro moja. Na kama hujawahi kuendesha pikipiki, leseni imekuruhusu lakini haijakufundisha. Lipa masaa machache chuo cha udereva, ukafanye mazoezi kwenye maegesho matupu, ujue kwanza ile breki ya mguu wa kulia inavyochelewa kushika na injini inavyokuvuta kulia kidogo, ndio uingie mjini. Helmeti inunue mpya, ya mtumba usiipokee hata ya bure.

Namba ya fremu ukishaisoma, na jibu la mzee la mara ya mwisho iliwaka lini, niandikie tena nikwambie tupunguze ngapi kwenye hiyo 2,800.